Debe la Mama Raheli

Asubuhi ile Zipora alikuwa bombani, hapa uani. Ndoo chini, mkono kiunoni, anaimba kwa sauti ya chini. Mimi nimekaa mlangoni mwa jiko namenya viazi. Nikamuuliza kama kila siku:

"Ubeti wa ngapi?"

"Wa kwanza, katikati. Leo wamefungulia kweli."

"Funga basi, inamwagika."

"Naiona, mzee. Wewe menya viazi."

Tukala. Alasiri akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka.

Ndoo sasa nateka mimi. Siimbi.

Msibani watu walisema mengi juu ya kazi yake. Walimwita mama wa maji, na vijiji alivyovipelekea bomba vikatajwa, hadi vya upande wa Bungu. Ilivyoanza hawakuijua. Waliokuwepo wamekwisha, nimebaki mimi. Shule sikwenda. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na yeye ndiye aliyenisukuma. Kwa hiyo naandika polepole.

Mwaka wa Uhuru, kijiji chetu hapa chini ya Magamba kilitaka kufanya jambo la kukumbukwa. Mzee Hezekia, baba yake Zipora, kiongozi wa kwaya ya Kilutheri, akasema tupande miti. Kila nyumba mti wake. Tupande wapi? Pale ambapo kila mtu anapita kila siku, yaani chemchemini. Wakachukua mikaratusi, maana inakua upesi, na wazee walitaka kuiona mirefu wakiwa hai. Hezekia alipanda wa kwanza, juu kidogo tu ya jicho la maji. Wakaimba, wakala mbuzi. Ikaitwa Miti ya Uhuru, na ikakua kama ilivyoahidiwa. Ujamaa ulipokuja, wageni wa wilaya wakawa wanaletwa kuitazama.

Kina mama pale chemchemini walikuwa na desturi yao. Maji yalitoka kwenye mfereji wa mgomba, debe moja kwa wakati. Ili mtu asikae mferejini hadi zamu ya mwenzake ipite, waliimba. Wimbo mmoja tu wa kanisani, wenye beti nne. Debe likijaa, mwingine anaingia na wimbo unaanza upya. Mama Kibibi, mke wa Salimu wa dukani, alikuwa Mwislamu, na wimbo ule aliujua kuliko wazee wa kanisa. "Foleni imenifundisha," alikuwa anasema. "Msiniombee ubatizo, naombea maji yangu tu."

Zipora alisoma shule ya wasichana Tanga mjini. Sayansi ilimkaa kichwani. Baba yake alishatangaza kanisani kwamba binti atakuwa muuguzi. Kila Jumapili walimuuliza mzee, lini gauni jeupe? Naye anajibu kwa kifua mbele, bado kidogo.

Akiwa kidato cha tatu alikuja likizo wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa kibarua wa misitu Magamba, nimeshuka kupasua mbao kwa Hezekia, msumeno mabegani. Nikamkuta Zipora chemchemini na mama yake, Mama Raheli. Foleni imefika njiani. Kina mama wameimba wimbo wamemaliza, wameanza tena, debe halijafika nusu.

Zipora akauliza, "Mama, nilipokuwa mgongoni mwako, debe hili lilijaa ubeti wa ngapi?"

"Wa pili haujaisha. Nilikuwa nakimbia kulitoa, limwagike nionekane mvivu?"

Zipora akainua macho kwenye mikaratusi. Akaitazama muda mrefu, halafu jicho la maji, halafu miti tena.

Jioni alimwambia baba yake kwamba miti inakunywa maji. Nilikuwa uani nanoa msumeno, nikasikia yote. Hezekia alicheka kwanza.

"Miti imekunywa toka Edeni. Mvua ndiyo imepungua."

"Chemchemi ya ng'ambo ya kilima inapata mvua hiyo hiyo, baba, nayo haijapungua. Kule hakuna mikaratusi. Mwalimu wetu alisema kuna elimu nzima ya mambo haya. Watu wanasomea maji."

"Maji?" Hezekia akasimama. "Miaka yote hii nakulipia shule, usomee maji? Maji hata mbuzi wangu anayajua!"

Mama Raheli akasema taratibu, "Mbuzi wako hachoti."

Kesho yake mzee mwenyewe akaja chemchemini. Alitaka kumaliza maneno mbele ya watu. "Wekeni debe. Nitaimba mimi." Akaanza. Lakini alivuta kila neno, alivuta hadi ndege waliruka. Ubeti mmoja ungeweza kuchemsha maharage.

Zipora akasema, "Shikamoo baba, lakini huo ni wa mazishi. Imba wa harusi."

Kina mama wakaangua kicheko. Mama Kibibi alikaa chini. Hezekia naye midomo ikamcheza. Akaanza upya, mwendo wa kwaya, kwa haki. Wimbo ukaisha. Akachungulia debe. Halijafika nusu. Akaweka mkono kwenye ukingo wake.

"Zipora," akasema, "miti hii tuliipanda kwa furaha."

"Najua baba. Nilikuwepo. Nilikula mbuzi."

"Tukiikata na maji yasirudi?"

"Nitavaa gauni jeupe, sitasema neno. Yakirudi, niache nikasomee maji."

Akanigeukia mimi, mgeni, na msumeno wangu. "Wewe mgosi, jina lako nani?"

"Tobia, mzee."

"Anza na wangu."

Tuliiangusha yote. Mwenyekiti wa kijiji alinuna, watu wengine walisema tumeukata Uhuru. Wale wa nyumba za karibu hawakunisalimia hadi mvua za masika. Kisiki cha mkaratusi nacho hakikubali kufa, kinachipua pembeni. Kila nilipopata nafasi nilishuka kuvunja machipukizi. Mama Raheli alinipa ugali wa moto, na habari za Tanga. Machipukizi mengine, kusema kweli, yalikuwa hayajafika kimo cha kuvunjwa.

Mwaka uliofuata, kiangazi kile kile, Zipora alirudi likizo. Kidato cha nne sasa, na shuleni wanangoja aseme anakwenda wapi. Watu walijaa pale kuliko Krismasi. Mama Raheli akaweka debe lake lile lile, lililobonyea ubavuni. Kina mama wakaimba mwendo wa kawaida, Hezekia akipiga mkono pajani asije mtu akavuta.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha, debe halijajaa. Nilimtazama Zipora. Alikuwa haimbi tena. Ubeti wa tatu, mstari wa mwisho, maji yakamwagika ukingoni.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu wote walimtazama mzee.

"Wa tatu si wa pili," Hezekia akasema.

"Si wa pili, baba," Zipora akajibu. Sauti ilikuwa ndogo.

Mama Raheli alijitwisha debe. Maji yakamwagikia bega, akaanza kupanda njia, anakimbia kidogo kidogo kama msichana. Hezekia akamfuata kwa macho hadi alipopotea kwenye migomba. Kisha akaenda kwenye kisiki chake. Palikuwa na chipukizi moja ambalo sikuliona. Akalivunja, akalitupa.

Zipora alikwenda Dar es Salaam, akasoma, akarudi na mabomba na buti za mpira. Mimi nilimsubiri. Tulioana kanisa lile lile, na mzee aliongoza kwaya, mwendo wa harusi.

Lakini siku ile ya debe, alipokwisha kulitupa chipukizi, alisimama mbele ya bintiye akiwa amepungua kimo.

"Na kanisani nitawaambia nini? Nimewaahidi muuguzi."

Zipora alimfuta utomvu mkononi kwa khanga yake, akasema hivi, na nilisikia kwa masikio yangu:

"Waambie Zipora amekwenda kusomea debe la mama."