Oili ya Bi Mdogo

Gari lile mshonaji aliliita bi mdogo tangu siku lilipoingia uani, na hakuwa akitania sana. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa miaka thelathini alikaa kiti cha abiria katika vigari vya chuo, mguu juu ya breki ya pili, roho mkononi, akisubiri watu wazima watafute gia. Alipostaafu akajinunulia gari la spoti la milango miwili, jekundu, la zamani, lililokaa chini mno hata kuliingia ilikuwa kazi ya kujishusha kwa awamu, akatangaza kwamba hilo halitaguswa na mwanafunzi yeyote. Kila Jumapili asubuhi alilipangusa kwa kitambaa laini alichokichomoa bila ruhusa kwenye kapu la mkewe. Mkewe akawa anasimama mlangoni na kuwaambia majirani kwamba Mwalimu ameoa tena, na kwamba huyo mke mpya hapiki wala hafui, kazi yake ni kunywa.

Kunywa kulikuwa kweli. Gari lilivuja oili. Mwalimu alitandika boksi chini yake, akawa anaongeza oili inapopungua, na maisha yakaenda hivyo miaka minne. Kisha ikaja asubuhi aliyoanguka bafuni. Kiharusi kilimpooza upande wote wa kulia na kikamnyang'anya maneno yote. Kilichobaki kinafanya kazi ni mkono wa kushoto. Hospitalini walimfundisha kugonga kwenye mkono wa kiti: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mtu aliyekuwa akisema mchana kutwa, tena kwa kufoka, akabaki na maneno mawili.

Mtaalamu wa viungo aliyekuja kila wiki kumnyoosha hakumficha mshonaji kitu. Alisema mgonjwa amejiachia, na aliyejiachia hanyooshwi na mtu. Ila aliona jambo moja. Mwalimu akisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka kibarazani, mahali anapoliona gari, anainua shingo, anakubali kula, hata zoezi la bega anajaribu. Akirudishwa chumbani anageukia ukutani. "Dada, kwa vyovyote vile lile gari lisiondoke hapa," alisema. "Mimi namshika misuli tu. Linalomshika yeye ni lile."

Mshonaji alicheka kidogo, kwa uchungu. Miaka yote ile ya ndoa, na anayemfanya mumewe ainue shingo ni bi mdogo. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na wivu wa namna hiyo aliona ni anasa. Akaanza kumweka kibarazani kila siku baada ya chai.

Mwenye nyumba naye akatandaza vitofali vipya ua mzima. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana mtu mbaya unamchukia unapata nafuu. Alikuja na kumshika Mwalimu mkono kwa heshima zote, akauliza hali, akakaa kidogo. Kisha akaonyesha doa jeusi lililokwisha kuenea kwenye vitofali na kusema kwamba wapangaji wengine wanalalamika. Mwisho wa mwezi akikuta tone moja, gari litavutwa litoke. Na litakwenda wapi? Jamaa hawakuwa na uwanja, na barabarani lisingemaliza siku mbili kabla ya kuvuliwa magurudumu. Mwalimu alikuwa amekaa pale pale, akasikia kila neno. Jioni ile hakula.

Kulikuwa na fundi gari mtaa wa pili, aliyefundishwa kuendesha na Mwalimu mwenyewe. Alikuja, akainama, akachungulia, akasema atakuja kesho. Kesho yake akasema kesho. Mshonaji hakumkasirikia. Neno hilo alilijua vizuri, kwani alikuwa akiwaambia wateja wake mwenyewe kila gauni linapokuwa bado halijakatwa. Wiki mbili zilipokatika akapiga moyo konde, akavaa suruali ya zamani ya mumewe, akatandika mkeka na kuingia chini ya gari.

Aliona tone limening'inia kwenye nati ya chini, ile ya kutolea oili chafu. Akafurahi kwamba mambo ni rahisi hivyo, akatafuta spana, akaikaza nati kwa nguvu zake zote. Huku nyuma mkono ulikuwa ukigonga. Mara mbili, kimya, mara mbili. Hakuusikiliza. Kesho yake boksi likawa limelowa vile vile.

Hapo akavuta kigoda mbele ya mumewe na kuanza kuuliza. Afungue injini? Mara mbili. Abadilishe nati? Mara mbili. Aiache? Mara mbili, kwa hasira. Aisafishe? Mara moja. Basi akasafisha. Siku mbili nzima alisugua injini kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, akikwangua uchafu mweusi wa miaka, mpaka chuma kikaonekana rangi yake na kucha zake zikapoteza rangi. Wateja waliokuja kuchukua nguo waliambiwa kesho.

Injini ikawa safi, lakini macho yake hayakuona oili ilikoanzia. Alipoiwasha, kufumba na kufumbua kila mahali pakang'aa unyevu. Ndipo akakumbuka jambo la kazini kwake. Cherehani ikitemea mafuta kwenye kitambaa cheupe, mshonaji hunyunyiza poda, na poda inamwonyesha doa lilipo hata kama jicho halilioni. Akaingia ndani, akatoka na kopo la poda ya mtoto. "Nikiimwagia hii?" aliuliza.

Mkono ukagonga mara moja. Kisha nusu ya mdomo wa Mwalimu, ile nusu iliyobaki kwake, ikapanda juu. Tangu bafuni hakuwa ametabasamu. Mshonaji alisimama na kopo lake mkononi na kujisikia msichana, na haya akaona.

Walifanya kazi pamoja asubuhi ile kama ambavyo hawakuwahi kufanya maishani. Akaikausha injini, akainyunyizia poda mpaka ikawa nyeupe yote, akaiwasha dakika kumi, akazima. Mara nyingi mumewe, enzi za maneno yake, alikuwa akisema mezani kwamba oili ni mwongo: hushuka, na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali inapodondoka usipaamini, anza juu. Mkewe alikuwa akiitikia huku akifikiria mambo ya pindo. Sasa akaanza juu. Poda ilikuwa kavu kote, isipokuwa pembe ya nyuma ya kava la juu la injini. Pale palikuwa na doa la kijivu, na kutoka kwenye doa mstari mwembamba ulishuka nyuma ya injini, ukapinda, ukaishia kwenye ile nati aliyoionea bure. Akamsukuma Mwalimu mpaka kwenye boneti aone. Mkono ukagonga mara moja hata kabla hajauliza.

Gasketi ya kava, ule mpira wa kuzibia ukingo wake, ilikuwa imekauka na kukatika vipande. Fundi gari, kwa aibu ya kesho zake, akampatia mpya na tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia, na akamweleza kwa ukarimu. Gasketi inakaa yenyewe. Silikoni ni ya pembe mbili tu, kiasi cha punje ya mchele hapa, punje ya mchele pale, basi. Mshonaji alisikia vizuri. Lakini alikuwa mtu ambaye kila mshono aliupitisha mara mbili. Miaka arobaini hakuna nguo iliyorudishwa kwake kwa kufumuka, sare zake za shule zilikuwa zikirithiwa na wadogo wa wadogo, na punje ya mchele aliiona ni ushauri wa mwanamume anayesema kesho. Ikivuja tena amekwisha. Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Akapaka mzunguko mzima, unene wa kidole kidogo. Akaweka gasketi. Akapaka tena juu yake.

Nyuma yake mkono ukagonga mara mbili.

"Hapana nini?" aliuliza bila kugeuka. Mara mbili tena. Akageuka. Gasketi nimeipindua? Mara mbili. Nimesahau boliti? Mara mbili. Unataka maji? Jua linakuchoma? Nikurudishe ndani? Mara mbili, mara mbili, mara mbili, na jasho likawa linamtoka Mwalimu usoni. Aliuliza kila alichoweza kukifikiria. Kama gundi imezidi hakuuliza, kwa sababu katika kichwa chake kuziba kulikozidi hakukuwepo.

"Leo mwalimu ni mimi," alimwambia, kwa upole, akidhani anachekesha. Akashusha kava na kukaza boliti moja moja. Silikoni ikabanwa ikafurika pembeni, naye akaifuta kwa kitambaa mpaka ukingo ukawa nadhifu. Mkono uliendelea kugonga kwa muda, kisha ukanyamaza.

Siku ya mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akavuta boksi, akapitisha kidole chini ya injini. Kikatoka kikavu. Alimpa mshonaji hongera ya dhati na kusema gari likae litakavyo. Mtaalamu wa viungo alipopata habari alisema Jumapili atakuja nje ya zamu amsaidie kumbeba Mwalimu amweke kwenye kiti cha abiria, wazunguke kidogo, itamfaa kuliko mazoezi ya mwezi.

Jumapili hiyo mshonaji alipima oili mwenyewe. Stiki ilionyesha imejaa. Wakamfunga Mwalimu mkanda, na mkewe, aliyefundishwa naye zamani katika vigari vya chuo, akashika usukani, akiwa mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho kuruhusiwa. Mitaani alikwenda taratibu. Walipofika barabara iliyonyooka, akaongeza, injini ikapaza sauti, na alipomtupia jicho mumewe aliona shingo imeinuka kabisa. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilidumu kama dakika tano.

Taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Mshonaji aliiona. Alijua oili imejaa, ameipima kwa mkono wake, haivuji hata tone, kwa hiyo taa ndiyo yenye kasoro. Mwalimu akaanza kupiga mlango kwa ngumi ya kushoto, mara mbili, mara mbili, bila kupumzika. Alimwambia ameona, watasimama pale mbele penye nafasi. Kabla ya kufika pale mbele, chuma kikaanza kugonga chuma ndani ya injini, usukani ukawa mzito, na gari likakaza na kusimama katikati ya barabara huku magari ya nyuma yakipiga honi.

Fundi gari alilivuta mpaka nyumbani, na safari hii hakusema kesho. Alilala chini, akafungua sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, akatoka na chujio dogo la pampu kwenye kiganja. Wavu wake ulikuwa umezibwa na vinyuzi vya kijivu vya silikoni, laini, vilivyoshikamana. Alieleza kwa sauti ya chini, akimtazama mshonaji na kuacha kumtazama. Silikoni iliyofurika nje mshonaji aliifuta. Ya ndani ilifurika vile vile, ikakauka, ikakatika, ikashuka na oili mpaka kwenye chujio. Oili ilijaa chini na juu haikupanda hata tone, na vyuma vikasagana vikavu.

"Nje umefanya kazi safi kunishinda mimi, Mama," alisema. "Lakini hii injini imekwisha. Ingeendelea kuvuja, leo ingekuwa inatembea."

Alipoondoka, mshonaji alikaa kwenye kigoda mbele ya mumewe. Mikono aliiweka mapajani, hakujua pa kuiweka kwingine. Akauliza swali alilokuwa hajaliuliza.

"Siku ile. Ulikuwa unaniambia imezidi?"

Mkono ukagonga mara moja.

Alilia pale pale, mchana, wapangaji wakipita na ndoo zao. Alimwomba radhi mara nyingi. Mwalimu alikuwa akilitazama gari, na baadaye akaacha kulitazama.

Gari halikuondoka. Mwenye nyumba hakuwa tena na neno nalo, maana lilikuwa kavu. Kila siku baada ya chai mshonaji alimsukuma mumewe kibarazani, akamgeuza kulielekea, na shingo ikabaki imeinama kifuani. Zoezi la bega liliachwa, kisha la vidole. Mtaalamu wa viungo alimpima mkono wa kushoto, akamfinya, mkono ukajivuta vizuri. Akasema hakuna kilichoharibika upya, mkono mzima, ni yeye mwenyewe hautumii. Wiki zilizofuata akawa anakuja kwa kuchelewa, na kuondoka mapema.

Asubuhi moja mshonaji alivuta kigoda kama zamani na kuuliza moja moja. Aliuliza kama ana kiu. Aliuliza kama kibaraza kimemchosha, kama anataka gari lifunikwe, kama anataka liondolewe kabisa. Mkono ulilala juu ya mkono wa kiti, mzima, umekunjuka. Mwisho akauliza kama anamchukia, akangoja, macho kwenye vile vidole.

"Basi sema hapana," alimwambia. "Nitosheke na hiyo. Sema hata hapana."

Alingoja mpaka chai ikapoa. Kisha akamfuta mdomo, akatoa breki ya kiti, na kumsukuma ndani.