Gari la Mgeni Lilipokwama Mlimani

Mwalimu wetu wa fizikia aliamini kwamba dunia ni laini. Kila swali lilikuwa na kibao kinachoteleza mezani, na chini yake maneno yale yale: puuza msuguano. Tulikuwa kidato cha pili, shule ya wasichana ya kutwa huku Mumbuni. Tuliupuuza bila kinyongo, maana ukipuuza unapata alama.

Muhula wa tatu tulifika kwenye maswali yasiyoruhusu kupuuza. Wiki hiyo hiyo afisa wa elimu akaahidi kuja kuona tunavyofundishwa sayansi kwa vitendo. Usiku wa kuamkia siku ya ziara mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Gari lake kubwa liliingia getini, likapanda nusu ya mteremko, likakwama. Magurudumu yakazunguka palepale yakirusha matope mekundu.

Mwalimu wetu alitoka mbio darasani, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Zima gari!" alimwambia dereva. "Wasichana, leteni madaftari!"

Naibu wa mwalimu mkuu, mama mnene asiyependa mzaha, alikuwa ameshafika. "Mwalimu, hawa wasichana si wasukume tu?"

"Wasukume kwa nguvu ngapi, madam? Hapo ndipo elimu inaanza."

Tukachora gari, tukachora mishale: uzito chini, msuguano nyuma, sisi mbele. Uzito wa gari dereva aliukisia. Ukabaki wa abiria. Mwalimu akainama dirishani kwa heshima zote.

"Samahani, mheshimiwa, uko na kilo ngapi?"

Mheshimiwa akapandisha kioo.

"Andikeni themanini," mwalimu akasema. Tukaandika mia na ishirini, kwa kuwa tulikuwa tumemwona.

Hesabu ilichukua muda, na gari lilitumia muda huo kuzama. Mwishowe jibu likapatikana: wasichana ishirini wanatosha. Mwalimu akatupanga nyuma ya gari kwa urefu, akahesabu moja, mbili, tatu.

Tulisukuma kwa moyo wote. Gari lilibaki. Tulioondoka ni sisi. Viatu vilirudi nyuma, magoti yakafuata, nami nikajikuta nimelalia tumbo, kidevu kwenye tope, mwenzangu amenilalia mgongoni.

"Jibu ni sahihi," mwalimu alisema kutoka pembeni, palipokuwa pakavu. "Makosa ni ya matope."

Yule aliyenilalia mgongoni, ambaye tuliketi naye dawati moja, akainuka akijipangusa. "Mwalimu, hata miguu yetu inahitaji msuguano. Hatukuiweka kwa hesabu."

Mwalimu akamtazama, akatazama viatu vyetu, akakohoa.

"Hiyo ni ya kidato cha tatu," akasema.

Naibu hakungoja kidato cha tatu. Alikwenda mlangoni pa ofisi, akaling'oa zulia jekundu lililotandikwa kumpokea mgeni, akalikokota mwenyewe na kulisukumiza chini ya magurudumu. Dereva akawasha. Gari likanguruma, likashika zulia, likapanda mpaka juu kwa raha zake. Mgeni akashuka, viatu vikizama topeni, maana zulia lake lilikuwa limebaki nyuma likifanana na ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa.

Kwenye hotuba alisema hajawahi kuona sayansi ya vitendo kama ile. Alimsifu mwalimu kwa jina, akamwomba aende akawafundishe walimu wengine. Tulipiga makofi, matope yakipukutika mikononi. Naibu hakupiga. Alikuwa akifikiria kanisa alikoliazima zulia.

Jioni nilifika nyumbani sketi imekauka kama ubao. Mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Aiya! Ni nini imekupata?"

"Tulikuwa na fizikia, mwaitu."

Alichambua mengine kidogo, akifikiri.

"Na hao wa historia," akauliza, "wao wanarudi wakiwa safi?"