Kompyuta Chini ya Kitambaa

Mdogo wangu wa kiume husema nimelikuza jambo. Husema ilikuwa programu ndogo tu, ya bure, na kosa lenyewe dogo. Kila akisema hivyo damu hunichemka upya, ndiyo maana nayaandika haya kwa mkono wangu kabla hajayasimulia yeye.

Shangazi yangu ni mtu wa Makunduchi, kijiji cha kusini mwa kisiwa. Aliolewa mjini tangu msichana, akanilea mimi baada ya mama yangu kufariki, na tunaishi Mkunazini, ghorofa ya kwanza, yeye na mimi tu. Alipoanza kusahau, kwanza majina ya watu, kisha siku za wiki, niliingiwa na hofu moja. Alikuwa na maneno ya kwao ambayo sisi tuliokulia mjini hatunayo: ya mashamba ya mawe, ya vitu vya pwani maji yakitoka, ya namna kumi za kumkaripia mtoto. Kwa mwaka mzima nilikaa naye kila baada ya alasiri. Nauliza, anasema, narekodi kwa simu. Neno moja, rekodi moja, kwa sauti yake mwenyewe. Pengine kacheka, pengine kakohoa, na kuna moja anasikika akimfukuza paka katikati ya neno. Zikafika mia sita na kitu.

Simu ikajaa. Nikazipandisha zote kwenye tovuti moja inayohifadhi maneno ya lugha mbalimbali, kisha nikazifuta kwenye simu. Ndiyo, nilizifuta. Nikifika hapa watu hunitazama usoni.

Tovuti ile ilitaka nithibitishe kila neno peke yake. Unabonyeza Thibitisha, neno linaondoka, linakuja jingine, unabonyeza tena. Nilibonyeza siku nyingi mpaka kifundo cha mkono kikavimba, na shangazi akanikanda kwa mafuta ya nazi huku akiniuliza kazi gani hiyo ya kukaa kitako inayomvunja mtu mkono.

Mdogo wangu anashughulikia kompyuta za hoteli moja huko Nungwi, kwa hiyo nyumbani kwetu yeye ndiye mtaalamu. Alikuja na programu inayobonyeza kipanya yenyewe, mahali palepale unapoionyesha, kila sekunde moja. Ukigusa F6 inaanza, ukigusa F6 tena inasimama. Akanionyesha mara mbili, ikaanza na ikasimama vizuri kabisa. Nilimuuliza ikitokea maneno yamekwisha na yenyewe bado inabonyeza, itakuwaje. Akacheka, akasema si nitakuwepo, nitaisimamisha.

Siku ile yalikuwa yamebaki maneno kama mia. Niliionyesha programu kilipo kitufe cha Thibitisha, nikagusa F6, na ule mbonyezo wa kwanza tu ukaileta tovuti mbele, dirisha la programu likarudi nyuma. Sikulitilia maanani. Neno likaenda, likaja jingine, likaenda. Nilikunja mikono nikatazama, nikaona raha.

Ikapigwa hodi. Walikuwa wanawake wawili wanaopita kualika harusi. Kwetu mtu unayemheshimu humwaliki kwa simu. Unavaa, unapanda ngazi zake, unakaa, unaeleza binti ni wa nani na kijana ni wa nani, unanywa ulichopewa, ndipo unakwenda nyumba ya pili. Shangazi akaniita kutoka mlangoni. Mtu aliyelelewa na shangazi, akiitwa hasemi subiri. Nilisema naam, na neno halijanitoka nilikuwa nimeshasimama.

Nilikwenda jikoni kutengeneza juisi ya bungo. Niliporudi na sinia, kompyuta ilikuwa imefunikwa. Shangazi ana kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Hufunika televisheni, hufunika redio, na nadhani hata mimi nikitulia sana atanifunika. Wageni wameingia, kioo kinawaka sebuleni, yeye akaona ni utovu wa adabu. Skrini, kibodi, kipanya, vyote vilikuwa chini ya maua yake ya kudarizi.

Nilikaa. Mwanga ulionekana kidogo kwenye pindo la kitambaa. Nilipiga hesabu kichwani, maneno mia kwa sekunde moja moja, na wale wanawake hata babu wa bwana harusi hawajamfikia. Kuinuka mbele ya wageni ukaenda kuinamia mashine ni kuwaambia waondoke. Basi nikajifanya nasogeza sinia, nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikapapasa safu ya juu ya kibodi, nikahesabu kwa vidole mpaka F6. Nikaigusa. Niliigusa vizuri, nakumbuka hata namna ilivyozama.

Moyo ukatulia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitulia. Niliegemea, nikauliza harusi itakuwa wapi, nikaambiwa Bububu, nikauliza mavazi ya rangi gani. Nikawaongezea juisi. Shangazi akasimulia harusi yake mwenyewe, akaisimulia mara ya pili, na wageni kwa adabu zao wakaisikiliza mara ya pili. Nilicheka nao. Baadaye nikawasindikiza mpaka chini barabarani, na huko nako tukasimama tukaongea.

Nilipokifunua kitambaa, mwanzo sikuelewa ninachokiona. Orodha ya kuthibitisha ilikuwa imekwisha zamani. Tovuti, ikikosa la kuthibitisha, inakuletea orodha ya maneno yako yote, na mahali palipokuwa na Thibitisha sasa pana Futa. Inauliza kama una hakika, na Ndiyo inatokea palepale. Programu ilikuwa inasema Futa, Ndiyo, Futa, Ndiyo, na maneno ya shangazi yangu yanapanda juu kwenye foleni, moja baada ya jingine, kufutwa.

Niligusa F6. Nikaigusa tena. Nikaipiga kwa kidole, kisha kwa ngumi. Nilikishika kipanya nikakivuta, kishale kwenye skrini kikarudi mahali pake chenyewe. Nikang'oa waya ukutani. Mwaka mzima tunalalamika umeme kukatika, na kwa sababu hiyohiyo mdogo wangu alitufungia boksi la akiba ya umeme. Umeme nimeukata mwenyewe, boksi likalia pii, na ile laana ikaendelea kufuta. Nilibana kitufe cha kuzimia kompyuta mpaka skrini ikawa nyeusi, na hapo nikayatoa matusi ambayo sikujua kuwa ninayo. Shangazi alikuwa anakusanya glasi. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wageni hawajafika hata kona."

Zilibaki rekodi kumi na moja. Wenye tovuti niliwaandikia, wakanijibu kwa upole kwamba kinachofutwa na mwenyewe hakirudi.

Mdogo wangu nilimpigia simu. Alinisikiliza, kisha akasema, "F6 inasikika dirisha la programu likiwa mbele tu, dada. Likiwa nyuma, unaigusia tovuti. Kila mtu anajua hilo."

Kila mtu. Mimi si mtu, basi. Siku aliyonionyesha dirisha lilikuwa mbele, programu ikasimama, na yeye akaona amemaliza kazi. Hivi ni nani anayetengeneza kitu kinachobonyeza kila mahali lakini kinachosikia mahali pamoja tu? Kufuta nyumbani kwa mwenzake kinaweza, kusikia kikiitwa kutoka chumba cha pili hakiwezi. Mimi niliitwa mara moja nikasema naam. Chenyewe nilikiita karibu nusu saa kabla, hakikuitika.

Ijumaa alikuja baada ya sala, kachukia kuliko mimi, au kajifanya. Akafungua programu, akaandika mistari michache, akaniambia sasa inasikiliza kibodi nzima, hata kuwe na nini mbele, hata iwe imefichwa nyuma ya madirisha kumi. Nikaleta tovuti mbele, nikagusa F6, ikasimama papo hapo. Nikaanzisha tena, nikafunika kitambaa, nikapapasa chini yake, ikasimama. Nilimuuliza kama ndiyo hivyo tu. Akasema ndiyo hivyo tu. Chai niliyomtilia ilikuwa bado inatoa moshi. Nilimwambia ainywe aende zake Nungwi, na nilikaa muda mrefu bila kumpigia simu. Hilo sijutii.

Shangazi sikumwambia. Angejilaumu kwa sababu kitambaa ni chake, na kwa hilo hana kosa. Alifanya kama alivyonifundisha mimi nifanye.

Siku chache baadaye nilikaa naye tena baada ya alasiri na simu mkononi. Nilianza na neno jepesi, neno alilolisema mwanzoni kabisa huku akicheka, jina la yule samaki mdogo anayebaki dimbwini maji yakitoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisahau. Sikujisumbua kulishika, nikijua limehifadhiwa.

"Shangazi," nikamwambia, "yule samaki wa dimbwini, kwenu mwamwitaje?"

Alifikiri. Akanitazama kwa adabu, vile anavyowatazama wanaokuja kualika harusi.

"Kwani ana jina?" akauliza.

Kisha akainuka polepole, akakichukua kitambaa chake, akaifunika kompyuta, akaniuliza kama nitakunywa juisi.