Vikebe vya Jumatano vya Avis Thirtle

Kila Jumatano, saa nane kamili mchana, Rodney Bunn aligonga mlango wa nyuma, akavua viatu vyake vya matope, akaketi kando ya kitanda na pakiti ya karata. Hapo ndipo Avis Thirtle alipochukua funguo za gari. Alikuwa na saa mbili.

Kwa miaka sita maisha yake yote ya nje yalikuwa ndani ya saa hizo mbili. Zamani alikuwa mpishi wa shule kule mjini, mwanamke wa kucheka hadi sufuria zikatikisika. Kisha mama yake, Bi Enid, akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na Avis akarudi kijijini kwao Norfolk, Uingereza, kumuuguza wiki chache tu, akalala katika chumba chake cha utotoni. Wiki zikazaa miaka. Sasa yeye ana hamsini na minane, mama ana tisini kasoro mmoja, na mama hataki kuguswa na mgeni. Waliletwa wauguzi watatu. Wa mwisho aliondoka analia. Alivumiliwa Rodney peke yake, jirani, maana alijua kushindwa karata bila kuonekana amekusudia.

Mama aliambiwa kwamba Avis anakwenda duka la dawa. Kumbe alikwenda kusaka vikebe. Huo ni mchezo wa watu wazima kwa watoto: mmoja anaficha kikebe, anaweka kwenye simu ramani ya mahali pake pamoja na fumbo, mwingine anakitafuta, anaandika jina lake kwenye kikaratasi kilichomo, anakirudisha palepale. Upande ule wengi huvificha karibu na vibao vya vijiji, vile vya mbao vilivyochongwa na kupakwa rangi, vinavyosimama juu ya nguzo uwanjani: hapa kanisa na mashua, pale mkulima na farasi wake wawili. Avis alikuwa amemaliza vyote alivyoweza kuvifikia akarudi ndani ya saa mbili. Kwenye ramani kila alichokipata kiligeuka alama ya njano, na siku moja akaona alama hizo zimefanya duara kuizunguka nyumba ya mama yake, kama majani yaliyoliwa na mbuzi aliyefungwa kamba. Aliizima simu, akaenda kumenya viazi.

Jumatano moja ya Machi akalivuka duara. Aliendesha karibu saa nzima mpaka kijiji cha Great Hollum, ambako kibao kina mwanamke anayeswaga bata bukini. Fumbo lilisema: wahesabu bata, kisha hesabu matofali ya msingi wa nguzo kutoka kushoto. Bata saba. Tofali la saba lilikuwa limelegea. Akalitoa, akaingiza mkono katika tundu hadi karibu na kiwiko, vidole vikagusa bati. Alipotaka kutoka, mkono ukagoma. Akageuza, akavuta, akaachia kikebe, wapi. Kadiri alivyovuta ndivyo ulivyovimba. Simu ilikuwa ndani ya gari, hatua ishirini.

Alipiga magoti kwenye majani yenye maji, saa ya kanisa ikagonga tisa, ikagonga nusu, na hakupita mtu. Akilini alimwona mama akitazama mlango. Akafikiri: hata huku nimefungwa.

Aliyemkuta ni mzee Clement Ludkin, fundi seremala mstaafu, aliyekuwa anatoka kununua gazeti. Hakuuliza maswali mengi. Akaenda nyumbani, akarudi na sabuni ya kuoshea vyombo na mto wa kupigia magoti bustanini.

"Wewe wa tatu," alisema akimimina sabuni. "Kibao nilichonga mimi, lakini msingi si wangu, tuelewane. Nimpigie nani simu, bibie?"

"Usimpigie mtu. Mama yangu anajua niko duka la dawa."

Mzee akamtazama yule mwanamke mwenye mvi. "Una miaka mingapi, mwanangu?"

Avis alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Alilia pale, mkono ukiwa ndani ya tundu, na mzee wa watu akaendelea kumimina sabuni taratibu, macho yake akiyapeleka kwenye bata.

Alifika nyumbani saa kumi na moja kasoro dakika chache. Sabuni ilikuwa imeutoa mkono, ila umechunika. Rodney alivaa viatu vyake. Mama alikuwa ameketi wima kitandani.

"Duka la dawa limehamia wapi siku hizi?" akauliza. "Miaka sita unakwenda, hujarudi hata na kidonge. Unadhani mimi nimevunjika kichwa?"

Avis akamweleza yote, vikebe, vibao, tofali. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaomba chai. Mlangoni Rodney, aliyekuwa akimngoja, alimnong'oneza kwamba baada ya Pasaka anahamia kwa binti yake, mji wa Leeds, mbali kaskazini. Avis alimpa hongera. Kisha akasimama bafuni, bomba wazi, mpaka maji ya moto yakaisha.

Pasaka ikapita, na Jumatano zikaenda na Rodney. Mwezi wa Mei Avis akaficha kikebe chake mwenyewe, chini ya benchi la kibao cha kijiji chao, mkabala na dirisha la mama. Wasakaji wakaanza kuja: mume na mke wenye makoti ya mvua, baba na mapacha. Avis huwaona akiwa amepakata mguu wa mama akiupaka mafuta, na hawezi kutoka.

Mama ndiye aliyenogewa. "Mwangalie yule," husema, "anatafuta juu ya mti. Mpumbavu na mkewe mpumbavu." Jioni humtuma Avis akalete kikaratasi, hatua hamsini kwenda, hamsini kurudi.

"Haya, soma. Wa leo wametoka wapi?"

Avis huketi ukingoni mwa kitanda, akasoma majina na miji waliyotoka, polepole, moja baada ya jingine.