Kwenda Nzilo Kuomba Ruhusa ya Wimbo

Nilikwenda Nzilo kwa sababu ya wimbo mmoja na ubishi wangu mwenyewe. Bendi yetu hapa Kolwezi inaitwa Sabini Tupu. Tunapiga muziki wa miaka ya sabini, basi. Ukituletea wimbo wa themanini, hata kama ulitoka siku ya kwanza ya Januari, Tata Mbuyi atakuonyesha mlango. Yeye ndiye mkubwa wetu na mpiga gitaa la solo. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye maabara ya mgodi, akipima kama jiwe lina shaba au halina, na mpaka leo hawezi kusikia wimbo bila kuuliza, "Teneur yake ngapi?" Yaani humo ndani mna shaba kweli, au ni udongo mtupu.

Ana daftari lenye sheria mbili. Ya kwanza: wimbo uwe ulichezwa miaka ya sabini, na wapatikane mashahidi wawili walioucheza wakiwa hawajalewa. Hapo ndipo nyimbo nyingi hufia. Ya pili: wimbo unaotaja jina la mtu aliye hai hauingii mpaka mwenyewe akubali. Mji huu tumeoana sana. Leo umemchamba mtu jukwaani, kesho unamkuta msibani, kumbe ni shemeji yako.

Jumatano ile tulikuwa tunachagua nyimbo kumi na mbili za sikukuu ya wastaafu wa mgodi, iliyokuwa Jumapili. Kumi na moja zilipita. Ya kumi na mbili wastaafu waliitaja wenyewe: "Bikwembe Bitatu". Kikwembe ni kitenge, kwa ninyi msiozoea maneno ya kwetu. Ni kilio cha kijana aliyempelekea msichana vitenge vitatu vya uchumba. Msichana akavila, akaolewa na mwingine. Kiitikio chake hakuna mwanamume wa hapa asiyekijua:

Ngalula, rudisha bikwembe bitatu,
moyo wangu bakia nao.

"Ile haina teneur," akasema Tata Mbuyi bila kuinua macho.

"Tata! Wimbo huu unafanya wazee watupe mikongojo!" Mimi ndiye mwimbaji, na pale kwenye "bakia nao" sauti hupanda mpaka juu kabisa. Nilikuwa nimeisubiri noti ile miaka.

"Ngalula angali muzima. Anakaa Nzilo. Sheria ya mbili."

"Basi nitaenda kumwomba."

"Nzilo ni mbali. Na barabara ni mubaya. Mi, na hili goti, siwezi."

"Nani amekuomba uende, Tata? Goti langu mimi ni zima."

Akafunga daftari. "Bon. Akikatala, usimubembeleze. Na usiseme ni mi nilikutuma."

Mtu mwenye akili angeshtukia maneno hayo ya mwisho. Mimi nilikuwa nawaza noti yangu.

Alhamisi alfajiri nilipanda pikipiki ya Dodo, dereva ambaye huendesha kama aliyeacha chungu motoni. Tulipita karibu na Kingamyambo, kwenye ule mchanga uliotupwa na wazee wetu ambao sasa unaoshwa upya, maana shaba na kobalti kibao zilibaki humo. Dodo akapiga kelele juu ya bega: "Unaona? Bazee balitupaka mali!" Nikamjibu kwamba nasi kwenye bendi tunafanya kazi hiyohiyo, ila sisi hatuna helmeti. Baada ya hapo sikufungua tena kinywa. Malori ya madini yalikuwa yanatupita moja baada ya jingine, na vumbi la kiangazi halichagui pa kuingia.

Saa tatu hivi tulifika Nzilo. Maji ya bwawa yametulia, nyaya za umeme zinakwenda zake migodini, na chini ya nyaya kuna kambi ya nyumba za wafanyakazi, nyingi zinawaka taa kwa bahati tu. Nilimkuta Mama Ngalula kanisani na akina mama wengine watano, wanachambua maharage ya sikukuu yao huku wakifanya mazoezi ya kwaya. Mwanamke mrefu, miwani imefungwa uzi. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi viatu.

"Jambo sana, Mama."

"Jambo, mutoto yangu. Unatoka wapi na ile vumbi yote?"

"Kolwezi, Mama. Ni kwa ajili ya wimbo."

Mama Ngalula akavua miwani.

"Ni Mbuyi njo alikutuma."

"Hapana, Mama."

"Uko ndani ya kanisa."

"...Ndiyo, Mama."

"Na yeye mwenyewe?"

"Goti, Mama."

Wale watano wakaangua kicheko. Mama Ngalula hakucheka. "Zamani ilikuwa répétition, mazoezi ya bendi. Sasa ni goti."

Basi hapo ndipo nilipoambiwa, nimekaa kwenye benchi la kwaya kama mwanafunzi aliyekosa. Kijana wa kwenye wimbo alikuwa Tata Mbuyi. Aliutunga mwenyewe, akaupiga mwenyewe kwenye baa zote za cité, mitaa ya wafanyakazi, na miaka yote hii alikuwa anatuambia mtunzi hajulikani. Mzee wa sheria mbili! Nilisikia hasira, kisha aibu, kwa sababu ni mimi niliyebeba mizigo yake mpaka pale.

"Alinipenda, sikatai," akasema. "Lakini alikuwa anaimba tu, paka kuimba. Baba yangu alimungojea, siku ya kwanza, siku ya mbili: Mbuyi iko kwa répétition. Ule mwengine, mutu wa turbini ya hapa, yeye alikuyaka mwenyewe mpaka nyumbani, akakaa, akaongea na baba. Njo nikaolewa. Na bile bikwembe nilirudisha byote, juma ile ile."

"Ulimrudishia mkononi?"

"Mukono ya yaya yake, dada yake mukubwa. Kapinga."

Kisha akaniambia wimbo ulivyomchoma. Sokoni wanaume walimwimbia. Watoto wake walirudi kutoka shuleni wakiuliza, mama, bikwembe biko wapi. "Na siku ya kuzika bwana yangu, mutu mumoja nyuma ya sanduku alikuwa anaiimba pole pole. Nilisikia. Mi si mwizi, mutoto yangu. Bale balichezaka ile wimbo banaisha kufa. Kama nitasafishwa jina, isafishwe mbele yao, kabla mi sijafa."

Nikasema basi, wimbo tunaufuta. Noti yangu ya juu nayo ife. Nilimaanisha, ingawa si kwa furaha.

"Nani amesema mufute? Mupige. Lakini mukimaliza, mi naimba jibu."

"Mama, jibu la leo haliruhusiwi. Bendi ni ya sabini tupu, na mashahidi wawili..."

Aliwageukia wenzake, akawapa sauti kwa kidole, na wale akina mama sita wa kwaya wakaimba kwa tuni ileile, wanapiga masinia:

Bikwembe nilirudishaka, moyo sikuuonaka;
uliza yaya yako, sanduku inafichaka nini.

Kumbe! Wanaume walipokuwa wanaimba baani, wanawake walikuwa wanajibu bombani, ndoo kichwani, mwaka uleule. Cité nzima. Jibu lilifika mpaka Nzilo kwa miguu yake.

"Mashahidi bawili?" akasema mnene mmoja mwenye sinia. "Hesabu."

Mchana walinilisha bukari, yaani ugali, na samaki wa bwawani, na siwezi kusema nilikula kwa aibu. Nilikula sahani mbili. Nilipoaga, Mama Ngalula alisema atakuja Jumapili baada ya ibada. Dodo aliuliza turudi njia ipi. Nikamwambia apitie Musonoi, kwa Mama Kapinga. Nilitaka kuliona sanduku.

Alasiri tulifika Musonoi, kule ambako mashimo ya mgodi yamekaribia nyumba kiasi kwamba kuta zina nyufa, na njiani unapishana na wachimbaji wanaotembea wameinama chini ya magunia. Mama Kapinga alikuwa mlangoni anapepeta unga. Ana miaka mingi kuliko meno. Nilizunguka na salamu za mdogo wake, afya, goti, hali ya hewa, mpaka akachoka.

"Sema kile kilikuleta."

Nikaimba ule mstari wa jibu, polepole. Ungo ukasimama.

"Ngalula angali anaiimba?"

"Jumapili ataiimba mbele ya watu wote, Mama."

Nilidhani atanifukuza. Akauweka ungo chini, akaingia ndani, nikasikia bati la sanduku likilia. Akarudi na kitu kimefungwa gazeti. "Mbuyi alikuwa na haraka ya kulia," akasema. "Ngalula aliniletea bikwembe siku ya tano ya juma. Nikasema nitamupa Mbuyi siku ya posho. Nilikuwa na batoto bane, na bikwembe byangu bibili, bimepasuka. Kabla siku ya posho ifike, yeye alishatunga wimbo. Hakuniuliza hata neno moja! Alishika gitaa. Cité yote inaimba. Sasa nitaanzia wapi?" Kimoja kilibeba watoto wake wote mgongoni mpaka kikaisha. Cha pili walimzikia mama yao yeye na Mbuyi. Cha tatu hakuwahi kukivaa hata siku moja. Akafungua gazeti: michoro ya funguo za manjano juu ya bluu, rangi mbichi kama ya jana.

Utundu wote ulinitoka, nikajiona mtu mbaya.

"Nitakupeleka kwake umwambie, Mama. Polepole, nyumbani."

"Wee! Nilinyamaza miaka yote, sasa nikaongee jikoni?" Akakunja kikwembe upya. "Jumapili ni saa ngapi?"

Jioni nilifika nyumbani. Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nikaanza kama mtu anayejiimbia tu: "Bikwembe nilirudishaka..." Mama akamalizia mstari wote, kinu hakikukosa hata pigo moja.

"Mama, unaujua?"

"Nani hajui?"

"Na hukuwahi kutuambia?"

"Muliuliza?"

Ijumaa nilimpelekea Tata Mbuyi habari. "Amekubali, Tata. Ila mwishoni ataimba jibu lake mwenyewe. Lilikuwepo sabini, na mashahidi ninao."

Kalamu yake ilisimama. "Jibu gani?"

"La wanawake."

"Ulionana na nani mwengine?"

"Barabara tu, Tata. Kweli ni mbaya."

Alitamani kukataa. Sheria yake mwenyewe ilimfunga. Aliandika wimbo wa kumi na mbili kwa mwandiko wa mtu anayesaini mbele ya polisi.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa wastaafu: makoti ya zamani, kofia za zamani, kinywaji chetu cha munkoyo kwenye vikombe. Nyimbo kumi na moja zilipita vizuri, isipokuwa ya nne ambayo mpiga besi aliianza peke yake. Kisha "Bikwembe Bitatu". Wazee wakasimama kama waliopigiwa king'ora cha zamu, wakaimba kiitikio na mimi, wengine wakinyoosha vidole kule alikokaa mwanamke mrefu mwenye miwani ya uzi. Noti yangu ya juu niliipata. Jamani, niliipata! Sikuifurahia hata kidogo.

Mama Ngalula akapanda, akanipokonya kipaza sauti. Alipotamka neno la kwanza la jibu, wanawake wote ukumbini wakalipokea: wake, wajane, wapishi waliotoka jikoni na miko yao. Wanaume wakageuka kuwatazama wake zao. Wengine walikuwa wamelala kitanda kimoja na jibu hilo miaka yote. Na pale kwenye "uliza yaya yako", Mama Kapinga akatoka nyuma, akaingia katikati peke yake, amejifunga funguo za manjano juu ya bluu. Alizunguka mara moja, taratibu, ili kila mtu aone mbele na nyuma.

Sauti ya gitaa ikakatika. Tata Mbuyi alikiangalia kikwembe kile kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

"Endelea, Mbuyi," Mama Ngalula akamwambia kwenye kipaza sauti. "Hatujafika mwisho."

Akaendelea. Machozi yanamdondokea kwenye nyuzi, anakosea, anaendelea. Walirudia jibu lile mara tatu, na mara ya tatu wale wazee wenye vidole wakaliimba pia, wakiwa wameshusha mikono.

Nilichojifunza nimekiandika kwenye daftari, chini ya sheria ya pili, Tata Mbuyi akanikubalia bila kuuliza teneur: kabla ya kuchagua wimbo, waulizwe wanawake walijibu nini. Tangu hapo orodha yetu yote tunaianza upya, na nyimbo nne tulizozipenda tayari zimetutia aibu.

Lakini Jumapili ile, watu walipokwenda kwenye chakula, nilikuwa nakunja waya nyuma ya jukwaa, na nikasikia kwa sababu sikujaribu kutosikia. Tata Mbuyi alishuka ngazi na gitaa lake, goti likimsumbua kweli safari hii, mpaka mbele ya Mama Ngalula.

"Ngalula, miaka yote mi nilifikiri..."

"Ungekuya tu kuuliza," akamwambia. Akamsogezea kiti. "Nzilo haiko mbali, Mbuyi."