Aliyemshikia Kaka Kamba

Simpendi wifi yangu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilimficha. Hatuivi chungu kimoja tangu siku kaka alipomleta nyumbani, amevaa gauni la kijivu na viatu vya kiume, akakaa ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mama akamwuliza kama anakula nyama. Akajibu, "Inategemea imekatwa na nani." Na anayekata nyama katika ukoo huu ni mimi. Nina bucha, na mbavu za siku ile nilizileta mwenyewe. Tangu hapo nikamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuchoma kwake, na jina likamganda mpaka kwa wateja wake.

Hao wateja ni wa saa. Sindano ni fundi saa. Ana kibanda cha kioo kando ya posta, hata kukunjua gazeti humo ni shida, na hukaa kutwa na lenzi jichoni akichokonoa vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Hana porojo. Ukimwuliza saa yako itakuwa tayari lini, anakutazama kwa lile jicho kubwa la lenzi mpaka unaona haya na kuondoka. Lakini saa zinatengemaa, hilo siwezi kumnyima. Yangu aliitengeneza mara moja, akampa Mama aniletee, eti mkanda wake unanuka mafuta na hataki tena kuuona mezani kwake.

Sasa basi. Mwaka jana kaka alikufa, na aliyeshika kamba alikuwa Sindano.

Kaka alikuwa seremala wa boti, na yake mwenyewe ilikuwa kikongwe cha mbao kisicho na injini, kimefungwa mwisho kabisa wa gati la yadi, na mlingoti mmoja mrefu. Kupanda mlingoti ni hivi. Unakaa kwenye kiti cha turubai. Kiti kinafungwa kwenye henza, ile kamba inayotweka tanga, nayo henza inapita kwenye kapi, kigurudumu cha kamba kule juu kabisa, na kushuka mpaka kwenye winchi, ngoma ya chuma iliyo mguuni mwa mlingoti. Aliye chini anazungusha winchi, wa juu anapanda. Kwa hiyo aliye chini ameishika roho ya mtu. Mafundi wa yadi ile wana mwiko mmoja: mliyegombana naye hakushikii kamba. Wakitukanana asubuhi, kutwa hawapandishani, hata kazi ilale.

Na kaka aligombana na mkewe asubuhi ile. Majirani wa gatini walisikia kelele. Kisha kaka akapanda, mkewe akashika, na kaka akaja chini pamoja na henza nzima, mpaka mwisho wake ukapanda, ukapita kwenye kapi na kumwangukia mgongoni.

Kwenye msiba, watu walimwuliza Sindano kilichotokea. Akasema, "Kamba iliniponyoka." Basi! Hakulia, hakueleza, hakuomba radhi. Nikasimama mbele ya ukumbi mzima. "Kamba haimponyoki mtu anayempenda aliye juu!" Nikainua mikono yangu hii. "Hii inabeba paja la ng'ombe. Ingekuwa mimi, kaka angeshuka na miguu yake!" Watu wakaitikia. Sindano akatazama viatu vyake vya kiume, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia pale yadi, na mimi nikaona ni sawa.

Ndiyo maana alipoingia buchani kwangu wiki iliyopita nilidhani amepotea njia.

"Wifi," akasema, "nataka unishikie kamba."

Nilikuwa na kisu mkononi. Nikakiweka chini kwanza. "Unasemaje?"

Akaeleza kama anayesoma risiti. Msimamizi wa yadi anataka nafasi pale gatini. Boti inayoweza kutweka tanga na kuondoka yenyewe itapewa mahali pengine, isiyoweza itakatwa kwa msumeno Jumamosi. Henza zote za boti ya kaka zilikuwa zimeoza. Ya tanga la mbele alishaibadilisha peke yake, yeye ambaye hajawahi kufunga hata mbuzi. Alishona ncha ya kamba mpya kwenye ncha ya ile kuukuu kwa uzi, akavuta taratibu mpaka mpya ikapita kwenye kapi bila kukwama. Lakini kapi ya tanga kubwa ni tupu. Hakuna kuukuu ya kuvutia mpya. Lazima mtu apande.

"Tupu kwa nini?" nikauliza, ingawa nilijua. Nilitaka alitamke.

"Unajua kwa nini."

"Mafundi wako wapi?"

"Hawataki. Nami hakuna atakayekubali nimpandishe." Akafuta kioo cha mizani yangu kwa kidole, akakitazama kile kidole. "Umebaki wewe uliyesema hakikuponyoki kitu."

Ebo! Ningemfukuza. Lakini ilikuwa boti ya kaka, na mbao zake nilizipiga msasa nami nikiwa msichana. Na nitasema ukweli wote: nilikwenda ili nimwone akiogopa. Nilitaka anitazame kutoka juu akijua ni nani aliyemshika.

Asubuhi ya Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Fundi rangi, mzee mnene ambaye ndiye redio ya yadi nzima, alituona tunapita na kiti cha turubai akaacha brashi ndani ya kopo. "Hawa wawili?" akasema. "Loo! Leo tutazika tena." Wenzake watatu wakamfuata mpaka gatini, mikono mifukoni, kama waliolipia kiingilio.

Sindano alijitia hamnazo. Alijifunga kwenye kiti, akavuta kila fundo, akatia mfukoni kijiuzi kirefu chembamba chenye kipande cha mnyororo wa baiskeli mwishoni. Kisha akaichukua ile henza mpya ya tanga la mbele, nyeupe, inateleza kama utumbo uliooshwa, akaizungusha kwenye ngoma ya winchi. Akanipa mwisho wake.

"Mkono mmoja unavuta, mmoja unazungusha. Usiongee na mtu."

"Usinifundishe kushika kitu."

"Sikufundishi," akasema. "Nipandishe."

Nikampandisha. Mzito hakuwa, yule ni mifupa na kinyongo tu. Kwa kila mzunguko wa mkono wa winchi miguu yake ilipanda kidogo, akiukumbatia mlingoti, na mimi nikihesabu moyoni yale yote niliyomwekea: nyama aliyoidharau, saa aliyoipitisha kwa Mama, macho makavu msibani. Alipofika katikati, fundi rangi akaniita, "Mama Bucha, usimwache kama alivyomwacha mwenzake!" Wenzake wakacheka. Nikageuza shingo kumjibu, nikaachia mkono wa winchi nijifute maji usoni, mkono mmoja tu, na ule mwingine umeishika kamba barabara.

Kamba ikaondoka.

Sikuiachia. Naapa sikuiachia. Nilikuwa nimeikaza kwa nguvu zangu zote na bado ilikuwa inapita ndani ya kiganja changu kana kwamba mkono si wangu. Ngoma ilikuwa imelowa, kamba ikateleza juu yake, na uzito wa mtu ukaivuta. Juu nikasikia turubai ikipiga mlingoti. Nikaidaka kwa mkono wa pili, nikajitupa chini, nikaikandamiza kwa goti, kwa kifua, kwa kila nilichonacho. Nikasikia harufu ya ngozi yangu. Kisha ikasimama.

Pale gatini hapakuwa na aliyecheka. Mimi nililala juu ya ile kamba nahema, na roho imeniruka, na kitu pekee nilichokuwa nasema ni, "Mungu wangu, Mungu wangu, sikuachia."

Nikatazama juu. Sindano alikuwa ananing'inia kichwa chini kidogo, amekumbatia mlingoti kwa miguu, damu kidevuni. Alikuwa ananitazama. Nilikuja kuiona hofu yake na niliiona, na wala sikuifurahia.

"Wifi," akasema, sauti inamtetemeka lakini maneno yamenyooka. "Usisimame. Kaza hivyohivyo. Pitisha mzunguko mwingine kwenye ngoma. Na mwingine juu yake."

"Siwezi! Mikono imechunika!"

"Utaweza. Usilegeze, zungusha tu."

Nikazungusha, nalia, namtukana yeye na ukoo wake. Ikawa mizunguko minne. Na mara kamba ikatulia. Ningeweza kuishika kwa vidole viwili. Ndipo nikaona kwamba ilipokuwa inaniponyoka ilikuwa imezungushwa mara mbili tu, na aliyeizungusha ni yeye mwenyewe.

"Nikushushe!"

"Nipandishe. Kapi bado tupu."

Nikampandisha mpaka juu kabisa. Alijifunga mkanda kuuzunguka mlingoti ili niweze kuiachia kamba, akatoa kile kijiuzi, akakipitisha kwenye kapi, na kipande cha mnyororo kikashuka taratibu upande wa pili kikigongagonga mbao, mpaka kikafika mikononi mwangu. Nikakifunga kwenye henza mpya ya tanga kubwa. Alishuka akashona mwenyewe palipoungana? Thubutu! Nilishona mimi, kwa vidole vilivyovimba, yeye akielekeza toka juu kwa sauti ileile ya kibandani. Tukavuta. Ikapita. Boti ya kaka ikawa na henza zake.

Nilimshusha polepole. Alipokanyaga sitaha akakaa. Nami nikakaa. Akanishika viganja akavigeuza, akavikagua kama anavyokagua saa iliyoingia maji.

"Kwa nini ulizungusha mara mbili?" nikamwuliza. "Ulikuwa unajua haitoshi!"

"Ndivyo kaka yako alivyoizungusha siku ile. Nilimwambia ngoma imelowa, ongeza. Akasema mbili zinatosha, nisimcheleweshe. Tuligombania hilo asubuhi nzima."

"Mbona hukusema msibani?"

"Niseme marehemu alijiua kwa uharaka wake, mbele ya mama yake?" Akaachia viganja vyangu. "Na wewe ungeniitaje?"

Muongo. Ningemwita muongo, na ukumbi mzima ungeitikia.

"Ungekufa, mwendawazimu wee!"

"Ningekufa," akakubali. "Lakini ulisema hakikuponyoki kitu. Nikataka tujue wote wawili."

Fundi rangi alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa gati, na wenzake nyuma yake, shingo zimenyooka. "Imekuwaje, Mama Bucha?" akauliza. "Ulimwachia kusudi?"

Nikafungua mdomo kumtukana. Sindano hakunitetea. Alikuwa anafuta damu kidevuni kwa upindo wa gauni, ananitazama kwa jicho lile ambalo hata bila lenzi ni kubwa.

"Kamba imeniponyoka," nikasema.

"Hawajasikia," akasema wifi yangu. "Sema kwa sauti."

Nikasimama, kama nilivyosimama msibani, na mikono yangu ikichuruzika, nikasema kwa sauti.