Deqa na Lango la Miiba

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tangu juzi nafungua simu, nasoma ujumbe uleule, naifunga. Deqa amefariki? Deqa wangu, mwalimu wa kilimo kule Sangailu? Akili imekataa kabisa.

Tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Mimi nikaishia ofisini Garissa, yeye akaomba posting ambayo wengine huikimbia. Wallahi nilimcheka.

Kisha akanitumia picha ya bustani ya shule: kunde na sukuma, kijani kibichi kwenye vumbi. Mbolea ni samadi ya mbuzi tu. "Abaayo, dada yangu, mimi sijashika jembe. Ni wanafunzi. Hata duty roster ni yao."

Nikaenda kuona. Mpaka leo naikumbuka kama kitu nilichokiota: asubuhi na mapema, upepo mwepesi, wasichana wakimwagilia kwa vikopo na kuimba polepole.

Mchana wakatupikia kunde kwa samli, tukala na mikate laini ya anjera. Nililamba vidole mbele ya watoto!

Sasa niseme ambalo sijawahi kusema.

Bustani ilizungushiwa miiba kama zizi. Asubuhi ya kuondoka nilipita pale na usingizi wangu, nikavuta miiba ya langoni kando, nikaenda zangu. Kwetu zizi hufunguliwa asubuhi ili mifugo itoke. Mkono ulizoea. Lakini hapa mbuzi walikuwa nje.

Deqa alinipigia nikiwa nimeshafika Garissa. Kazi ya muhula mzima imeliwa.

"Nani aliacha wazi?" nikauliza, mnafiki mimi.

"Ni mimi, abaayo. Nilisahau."

Nikadhani anawakinga wanafunzi. Nikakata simu kwa aibu. Nilipanga kumwambia likizo hii, uso kwa uso. Homa ya siku chache ikamchukua kabla sijamwambia.

Leo kwenye matanga, Hibo, mmoja wa wale wasichana wa bustani, aliniletea chai. Nikamweleza yote huku nalia. Akanishangaa.

"Lakini teacher alijua. Sisi wote tulijua. Nyayo yako ilikuwa hapo kwa lango. Watoto ya wafugaji tutashindwa kusoma nyayo kweli? Teacher alisema huyo ni mgeni wetu, mtu asimuaibishe. Tukapanda tena."

Subhanallah. Shule nzima ilijua, na hakuna aliyeniambia neno.

Deqa, abaayo, ulijitwika kosa langu mbele ya watoto wako, kisha ukaendelea kunipigia simu na kucheka nami kama kawaida. Nisamehe. Allah akurehemu, ulale kwa amani.